Kumsimamia mtetezi wa haki ya bunduki kwenye uchaguzi mdogo wa Texas

Kiti cha Bunge la jimbo la Texas kikibaki wazi, iwe mwenyewe amefariki, amejiuzulu, amechaguliwa Bunge la taifa Washington au amefukuzwa na wenzake, gavana ndiye anayeitisha uchaguzi mdogo. Aliyezoea chaguzi ndogo za Kenya na Tanzania atashangaa mambo mawili. La kwanza, hakuna mchujo wa chama. Wote wanaotaka kiti wanaingia kwenye karatasi moja, na chama kimoja kinaweza kuwa na wagombea watatu au saba bila mtu kuuliza. Asiyevuka nusu ya kura hajashinda. Wawili wa juu wanakwenda duru ya pili. La pili ni uchache wa wapiga kura. Wilaya moja ya Baraza la Wawakilishi, ambalo lina viti 150, ina watu wapatao 194,000 kwa sensa ya 2020, lakini kiti kinaweza kuamuliwa na watu elfu kumi au kumi na tano waliokumbuka kwenda kituoni.

Uchache huo ndio unaowapa nguvu watetezi wa haki ya silaha. Watu 2,000 wanaojali jambo moja hawaonekani kabisa kwenye uchaguzi mkuu. Kwenye uchaguzi mdogo wanaamua nani aende duru ya pili na nani arudi nyumbani. Ila wanaamua pale tu majina yao yanapokuwa yameandikwa, mitaa yao inajulikana, na mtu amewafuata kabla vituo havijafungwa. Bendera kwenye magari, kelele za mtandaoni na foleni ndefu kwenye maonyesho ya bunduki haziingii kwenye hesabu.

Kazi ya kwanza ni kumjua huyo mgombea mwenyewe. Kwenye wilaya za mashambani na viunga vya miji ya Texas, karibu kila Mrepublican anayejitokeza atasema anatetea bunduki. Kauli ya kuilinda Katiba haikuambii chochote, kwa sababu mambo makubwa yalishapita. Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimzuii anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Mwaka 2025 jimbo likapitisha sheria ya kuzuia amri za mahakama za kumnyang'anya mtu silaha kwa kumhofia tu, zile ambazo majimbo mengine yanazo. Kwa hiyo maswali yawe ya ndani zaidi. Utafanya nini na muswada wa kupandisha umri wa kununua bunduki za nusu-otomatiki kutoka miaka 18 hadi 21? Ukiwa kwenye kamati, utaupigia kura utoke hata kama huupendi, ili tu ujadiliwe? Ni maeneo gani yanayokatazwa silaha leo ambayo ungeyafungua, na yapi ungeyaacha yalivyo?

Swali la kamati si la kujazia karatasi. Baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, Texas, ya Mei 24, 2022, ambapo wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa, muswada wa kupandisha umri, HB 2744, ulifika kwenye kamati teule ya Baraza. Mei 8, 2023 ulipita kwenye kamati hiyo kwa kura 8 dhidi ya 5, Warepublican wawili wakiuunga mkono, kisha ukafa kwa sababu haukupangiwa siku ya kujadiliwa na Baraza zima. Mmoja wa wale wawili, Justin Holland, aliangushwa na Katrina Pierson kwenye duru ya pili ya mchujo wa chama Mei 2024. Bunduki si kitu pekee kilichomwangusha, kulikuwa pia na suala la kumshtaki mwanasheria mkuu Ken Paxton na lile la vocha za shule, yaani fedha za umma kulipia shule binafsi. Lakini kura moja ya kamati ilitosha kumfuata hadi kwenye vipeperushi. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140 tu, kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na miswada mingi hufia kwenye kamati au kwenye upangaji wa ratiba. Anayeuliza kura za ukumbini peke yake anaachia nusu ya kazi ya mbunge.

Alama za vikundi zinasaidia, lakini zisomwe kwa makini. NRA, chama kikubwa cha watetezi wa bunduki Marekani, humpa mgombea alama kuanzia A+ hadi F. Ambaye hajawahi kupiga kura bungeni hupewa AQ, maana yake amejibu vizuri dodoso lao, basi. Kwenye kiti kilicho wazi wengi hawana rekodi, kwa hiyo unaweza kukuta watatu wana AQ na karatasi zote za barua zinajivunia kitu kilekile. Alama ya kuuliza inaashiria kwamba mgombea hakurudisha dodoso. Alama na kuungwa mkono rasmi ni vitu viwili tofauti pia. Mgombea anayeandika kwamba NRA inamuunga mkono kwa sababu tu ana alama nzuri atakanushwa wiki ya mwisho, wakati hana muda wa kuchapisha kingine. Ombeni nakala ya dodoso lenyewe. Mgombea anayekataa kuonyesha majibu yake mwenyewe anafaa kuachwa.

Sifa za kisheria zikaguliwe mapema. Mgombea wa Baraza awe na miaka 21, awe ameishi Texas miaka miwili na kwenye wilaya hiyo miezi 12. Ada ya kugombea ni dola 750 au saini 500 za wapiga kura wa wilaya. Lipeni ada. Saini zinavutia kwa sababu zinaleta majina ya wafuasi, lakini kwenye uchaguzi ulioitishwa ghafla hamna muda wa kuzihakiki, na nyingi zitatupwa: huyu anaishi ng'ambo ya barabara kwenye wilaya nyingine, yule hakujiandikisha, yule kasahau tarehe ya kuzaliwa. Mkilazimika kutumia saini, kusanyeni 750 ili zibaki 500.

Mgombea asipokee wala kutumia hata dola moja kabla ya kuwasilisha fomu ya kumteua mweka hazina kwa Tume ya Maadili ya Texas. Anaweza kujiteua mwenyewe, jambo ambalo halifai, kwa sababu ripoti za fedha zinadaiwa siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi, na siku hizo mgombea anapaswa kuwa barabarani. Texas haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea wa ubunge. Ina marufuku nzito kwa makampuni, na hapo ndipo wapenzi wa bunduki wanapojikwaa. Duka la bunduki lililosajiliwa kama shirika likitoa ukumbi bure, maboksi ya risasi ya kugawa kwenye hafla au bango la dola 400, huo ni mchango wa shirika, na kuutoa au kuupokea kwa kujua ni kosa kubwa la jinai. Mwenye duka atoe kwa hundi yake binafsi, kutoka mfukoni mwake.

La pili wanalojikwaa ni bahati nasibu ya bunduki. Tiketi za dola 20 na bunduki ya AR-15 mezani huvuta watu kuliko hotuba yoyote. Lakini sheria ya Texas inaruhusu bahati nasibu za hisani kwa makundi maalumu kama taasisi za dini, vikosi vya zimamoto vya kujitolea na baadhi ya mashirika yasiyo ya faida. Kamati ya kampeni haimo. Mkitaka bunduki kwenye hafla, pigeni mnada wa wazi, muandike bei iliyolipwa kwenye ripoti, na silaha ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu ili mnunuzi ajaze fomu 4473 na achunguzwe rekodi yake. Kumkabidhi mtu bunduki kwenye maegesho ya ukumbi, kamera zikiwepo, ni kuwaandikia wapinzani tangazo lao.

Halafu hesabu. Tuseme wilaya ina waliojiandikisha 115,000. Chaguzi za namna hii zilizopita hapo jirani ziangaliwe. Mkiona kati ya asilimia 8 na 12, wekeni 10. Hizo ni kura 11,500. Kushinda moja kwa moja kunahitaji 5,751. Wagombea wakiwa sita, asilimia 27 mara nyingi itawafikisha duru ya pili, yaani kura 3,100 hivi. Wekeni lengo la 3,500, kwa sababu makadirio ya waliojitokeza ndiyo yanayokosewa zaidi, na karibu kila mara gumzo la taifa zima ndilo linalowapandisha watu vituoni bila mtu kutarajia. Lengo liandikwe kwenye ubao ofisini. Kila pendekezo la gharama lijibu swali moja: linaleta kura ngapi kati ya hizo 3,500?

Kura hizo zinatafutwa kwenye daftari la wapiga kura, ambalo kampeni hulipata kwa kaunti au kwa ofisi ya waziri wa jimbo. Texas haiandikishi wapiga kura kwa chama. Linaloonekana ni mtu alishiriki mchujo wa chama gani na mwaka gani. Aliyeshiriki mchujo wa Republican mara tatu kati ya nne za mwisho atakuja kwenye uchaguzi mdogo hata mvua inyeshe. Aliyepiga kura ya rais pekee hatakuja, hata kama ana bunduki kumi na mbili kabatini. Hili ni gumu kuwaingia wanachama wa klabu za kulenga shabaha, maana wanawafahamu hao watu na wanajua wanavyoongea. Kumiliki bunduki si kupiga kura. Mtu wa aina hiyo akifuatwa, afuatwe mara tatu au nne, na mtu anayemjua, vinginevyo muda huo umepotea.

Orodha ya wenye leseni za kubeba bastola haipatikani. Sheria ya Texas inaifanya siri. Orodha yenu mtaijenga wenyewe: meza kwenye maonyesho ya bunduki, wanachama wa klabu kwa hiari yao, waliosaini maombi ya zamani, waalimu wa mafunzo ya silaha. Klabu yenye hadhi ya hisani chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi haiwezi kumuunga mkono mgombea, wala kumpa yeye peke yake orodha yake, hata kwa siri. Kwenye meza ya maonyesho kosa la kawaida ni kuchukua jina na barua pepe tu. Chukueni anwani ya nyumbani. Watu huendesha gari saa mbili kufika kwenye maonyesho, na mkirudi kulinganisha majina na daftari mtakuta wengi si wa wilaya yenu. Majina 900 yakitoa wapiga kura 150 wa kweli, hayo ni mavuno mazuri. Hao 150 wapigiwe simu wiki hiyohiyo waombwe kitu kimoja, Jumamosi mbili za kutembea.

Kutembea nyumba kwa nyumba kuna kasi yake. Kwenye mitaa ya viungani mtu mmoja hugonga milango 15 hadi 20 kwa saa, na milango mitano hivi ndiyo itafunguliwa na mtu aliyemo kwenye orodha. Mashambani, ambako geti liko mbali na nyumba na mbwa wako karibu zaidi, ni milango sita hadi minane. Mkitaka mazungumzo 1,500 mnahitaji saa 300: watu 20, saa tatu kila mmoja, Jumamosi tano. Zikibaki wiki tatu tu, ama mpate watu 34 ama mpunguze orodha. Msidanganyane na programu ya simu inayoonyesha milango 4,000 imeguswa. Wengi wa hao waliachiwa karatasi mlangoni na hawakusema neno.

Mlangoni sema jina lako, sema unaishi hapa, mtaje mgombea na tarehe ya kuanza kwa kura za mapema, kisha uliza ni jambo gani linamsumbua. Usianze na bunduki kwa kila mtu. Kwa aliyeandikwa kwenye orodha yenu ya wamiliki wa silaha, ndiyo, ianze hiyo. Kwa mwingine itakuwa kodi ya nyumba, maji au shule, na mgombea awe na jibu la hayo. Baada ya dakika mbili andika namba: 1 ni wetu kabisa, 2 anaelekea kwetu, 3 hajaamua, 4 anaelekea kwingine, 5 ni wa mpinzani. Wajitoleaji wapya huandika 2 kwa kila aliyetabasamu. Mwambieni kila mmoja kwamba anayesema atafikiria ni 3, na mwanamke aliyefunga mlango kwa upole ni 4.

Atakuwepo mtu atakayetaja Uvalde. Huenda ni mwalimu, huenda ana mtoto wa umri ule. Asibishiwe, wala asitajiwe takwimu. Asikilizwe, ashukuriwe, aandikwe 4 au 5, na safari iendelee. Mjitoleaji anayetaka kushinda mabishano kila mlango apangiwe kazi ya kufunga bahasha.

Mabango Texas yana masharti yanayowakamata wageni wa kazi hii. Kwa kuwa mgombea wenu hashikilii kiti, jina la cheo haliwezi kufuata jina lake moja kwa moja kana kwamba tayari ni mbunge. Lazima neno for liwepo kati yake, na herufi zake zisipungue nusu ya ukubwa wa herufi za cheo. Bango lionyeshe nani amelilipia. Liwe pia na ile ilani ndefu inayosema ni kosa kulisimamisha kwenye hifadhi ya barabara kuu. Mchapishaji wa jimbo lingine hayajui haya na atawaletea mabango 500 yasiyofaa. Bango la futi 4 kwa 8 kwenye uzio wa mkulima anayejulikana lina thamani kuliko madogo 60 yaliyochomekwa kwenye makutano usiku. Na karatasi zisiingizwe kwenye sanduku la barua la mtu: sheria ya serikali kuu inazuia kuweka humo kitu kisicho na stempu, hata kama mwenye nyumba ni rafiki yenu.

Barua zipelekwe kwa majina. Ile huduma ya posta ya kufikisha kadi kila nyumba ya mtaa ni rahisi kwa kipande, lakini kwenye uchaguzi wa asilimia 10, kadi tisa kati ya kumi zinakwenda kwa watu ambao hawatapiga kura. Ujumbe wa simu nao una mtego wa muda: makampuni ya simu yanataka kampeni isajiliwe na kuthibitishwa kwanza, na uthibitisho huchukua siku kadhaa hata wiki. Usajili ufanywe siku mgombea anapochukua fomu. Kampeni zinazokumbuka SMS wiki ya kura za mapema hukuta ujumbe wao umezuiwa njiani na fedha zimekwisha lipwa.

Siku ya uwanja wa shabaha hutoa picha, na picha hizo zinaweza kumzamisha mgombea mbele ya watu wake mwenyewe. Wamiliki wa bunduki huangalia kidole kwanza. Kidole kikiwa kwenye kifyatulio wakati halengi, mtutu ukiwa umeelekea kwa mtu, au miwani na vizuia kelele vya masikioni vikikosekana, watamcheka kwa wiki mbili na hawatasoma sera zake. Mwekeni msimamizi wa uwanja karibu, bunduki ioneshwe kuwa tupu na chemba wazi, kidole kilale kando ya fremu, mtutu uelekee kwenye tuta la udongo. Mgombea ambaye hajazoea kulenga asivalishwe uzoefu huo. Apigwe picha akiongea na waalimu wa usalama; hilo linatosha.

Kura za mapema ndizo uchaguzi wenyewe. Kwa utaratibu uliozoeleka zinaanza siku 17 kabla na kufungwa siku nne kabla, na duru ya pili huwa na siku pungufu, lakini sheria ya 2025 inabadilisha siku hizo, kwa hiyo ulizeni kaunti. Kila asubuhi kaunti hutoa orodha ya waliokwisha kupiga kura jana yake. Mtu mmoja, mwenye subira, aikate orodha hiyo kutoka kwenye orodha yenu ya 1 na 2, na jioni simu ziende kwa waliobaki tu. Mwenye miaka 65 au zaidi anaweza kuomba kura ya posta. Hapo sisitizeni jambo moja: tangu sheria ya 2021, namba ya kitambulisho aliyoiandika lazima ilingane na iliyo kwenye rekodi. Kwenye mchujo wa Machi 2022 asilimia 12 hivi ya kura za posta zilikataliwa, nyingi kwa sababu sehemu ya kuandika namba imefichwa chini ya kifuniko cha bahasha na wazee hawakuiona. Mwambieni aandike zote mbili, namba ya leseni ya udereva na tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Mjitoleaji asiishike karatasi ya kura wala bahasha yake, hata akiombwa aipeleke posta.

Kwenye vitambulisho saba vinavyokubaliwa kituoni, leseni ya kubeba bastola ni kimojawapo. Kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu hakimo. Wafuasi wenu wengi wanalijua hilo na hulisema kwa fahari. Wasichojua wengi ni kwamba bastola yenyewe haitakiwi kuingia kituoni, siku za kura za mapema wala siku ya uchaguzi. Ni kosa kubwa la jinai, na leseni haikingi. Mtu aliyezoea kubeba kila siku husahau kwamba anayo kiunoni. Andikeni kwenye kila ujumbe wa kuwakumbusha watu kwenda kupiga kura: silaha ibaki kwenye gari, imefungiwa. Ndani ya futi 100 kutoka mlangoni, yaani mita 30, hakuna kampeni, na fulana au kofia yenye jina la mgombea haruhusiwi mtu kuivaa. Mwekeni mtu wenu nje ya alama hiyo akiwa na fulana nyeupe tupu za kugawa. Zinaokoa kura.

Duru ya pili ni uchaguzi mwingine kabisa. Wilaya ya 28, karibu na Houston, inaonyesha namna moja. Novemba 2019 Mdemocrat Eliz Markowitz aliongoza kwa asilimia 39 kwa sababu Warepublican sita waligawana kura zilizobaki. Januari 28, 2020, Gary Gates akiwa peke yake dhidi yake, alishinda kwa asilimia 58 dhidi ya 42, ingawa wanaotaka sheria kali zaidi za bunduki walikuwa wamemwaga fedha nyingi. Kazi hapo ni kuwaomba wafuasi wa wale watano walioanguka, siku ileile matokeo yanapotoka, kabla hawajanuna.

Wilaya ya 2, kaskazini mashariki, inaonyesha namna nyingine. Mbunge wake, Bryan Slaton, alifukuzwa na Baraza Mei 2023, uchaguzi ukafanyika Novemba, na duru ya pili ya Januari 30, 2024 ikawakutanisha Warepublican wawili, Jill Dutton na Brent Money. Dutton alishinda kwa kura mia moja na kidogo kati ya elfu kumi na tatu na zaidi. Pale ambapo wote wawili wanatetea bunduki, bunduki hazitenganishi tena. Wanatenganishwa na rafiki zao, fedha zao na nani anakumbuka kupiga simu za mwisho. Wiki tano baadaye, kwenye mchujo wa kawaida wa Machi, Money akamshinda Dutton.

Na kundi la jambo moja lisijidanganye kwamba ushindi wa kura chache unakaa. Colorado, Septemba 10, 2013, maseneta wawili wa jimbo, John Morse aliyekuwa rais wa Seneti ya jimbo na Angela Giron, walivuliwa viti kwa kura ya wananchi kwa sababu ya sheria za bunduki za mwaka huo, ikiwemo kikomo cha magazini ya risasi 15. Morse alianguka kwa kura 300 na kidogo. Kwa sababu ya amri ya mahakama kuhusu muda wa wagombea, karatasi hazikutumwa kwa posta kama Colorado ilivyozoea. Ilibidi watu waende wenyewe, na wenye hasira ndio waliokwenda. Novemba 2014, wapiga kura wa kawaida waliporudi, warithi wao wote wawili, Bernie Herpin na George Rivera, wakapoteza viti. Kabla ya hapo seneta mwenzao Evie Hudak alijiuzulu Novemba 2013 kukwepa kuvuliwa kiti, na kwa kuwa Colorado huziba pengo kwa kamati ya chama kilichokuwa na kiti, Democrats wakamteua mwingine na kubaki na wingi wao wa 18 kwa 17. Kwa hiyo kabla ya kuchapa fulana, soma sheria ya jimbo lako. Pennsylvania hufanya uchaguzi mdogo, lakini vyama ndivyo vinavyoteua wagombea, bila mchujo wa wananchi. Huko anayefaa kushawishiwa ni mjumbe wa kamati ya chama.

Wako Waswahili wengi Texas, Houston, Dallas, Fort Worth hadi Abilene, wakimbizi wa Kongo wakiwemo, na wengine huvutwa kwenye kampeni hizi na waajiri au marafiki. Mipaka yao ni hii. Asiye raia asijiandikishe wala asipige kura, hata akiambiwa na mtu wa kampeni kwamba haina shida. Ni jinai na inaweza kumfukuzisha nchini. Mwenye grini kadi anaweza kuchanga fedha na kutembea nyumba kwa nyumba. Mwenye viza anaweza kujitolea bila malipo, lakini asichange dola wala asikae kwenye kikao kinachoamua fedha. Na kwenye siku ya uwanja wa shabaha, mwenye viza ya muda asiguse bunduki kabla ya kuuliza wakili: sheria ya serikali kuu inawakataza wengi wao kuwa na silaha mkononi, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni ya uwindaji. Aliyekwisha kuwa raia na Kiingereza kinampa shida anaruhusiwa kuingia kituoni na msaidizi amtakaye, mradi si mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi atajaza fomu na kula kiapo.

Mgombea akishinda anamalizia muhula wa aliyetoka, na mara nyingi mchujo unaofuata uko mlangoni. Daftari lenye namba 1 hadi 5 lihifadhiwe na mtu wa kampeni, si kwenye simu ya mjitoleaji aliyekwisha hamia Oklahoma. Akishindwa, mweka hazina bado anadaiwa ripoti hadi ile ya mwisho ya kufunga akaunti, na faini za kuchelewa haziulizi kama ulishinda. Mabango makubwa yang'olewe wiki hiyohiyo pamoja na nguzo zake za chuma, kwa sababu nguzo ndizo ghali, na mkulima aliyewapa uzio wake mtamhitaji tena.